Kozi Iliyosema "Zima Ulinzi Kwanza"

SEHEMU YA SABA

Kitasa kilizunguka mpaka mwisho.

Msomaji wa wiki iliyopita anakumbuka tulipomwacha Mapokezi: ndani ya stoo ya mashuka ya hospitali, saa ya chakula cha mchana, amekalia ndoo ya rangi, laptopu juu ya mapaja. Na kwenye kioo cha laptopu, majina ya wagonjwa wa kweli yamepanga foleni. Wa kwanza alikuwa yule babu mwenye fimbo ya chuma, aliyemwandikisha asubuhi ile ile kwa mikono yake mwenyewe.

Naye alidhani yuko mazoezini!

Mlango ukafunguka. Hakuwa mlinzi, wala hakuwa Daktari Mkuu. Alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, fundi kompyuta wa hospitali, kikombe cha chai mkononi.

"Shemeji! Kumbe ndiko unakojificha? Watu wamejaa mapokezi mpaka nje, wewe umekalia ndoo."

"Shemeji, funga mlango."

"Kwani kuna nini?"

"Funga kwanza. Halafu usipige kelele."

Akafunga. Akainama kutazama kioo. Chai ikamwagikia kiatu, na wala hakuhisi.

"Hii seva yangu."

"Najua."

"Umeingiaje kwenye seva yangu?"

"Bahati mbaya."

"Bahati mbaya? Mtu anajikwaa kwenye jiwe, shemeji. Kwenye seva mtu hajikwai!"

Kwa uliyetukuta njiani, nikueleze upesi tusipoteze muda, maana leo mambo ni moto. Huyu dada hospitali nzima inamwita Mapokezi kwa sababu ya meza anayokaa. Nyumbani, shemeji yake alimbatiza jina la Sindano, eti kila mahali anapenya. Jina likamkaa, hata laptopu yake akaiita hivyo. Miezi sasa anajifunza upenyaji, ile kazi ya kujaribu kufuli za kompyuta: mwenye nyumba anakuajiri uvunje mlango wake, kisha umwambie palipo dhaifu kabla mwizi hajapajua.

Na amejifunza bila kulipa ada. Kuna mwalimu mmoja mwenye kikohozi anayefundisha kwa video na hataki malipo. Kuna kitabu cha maktaba chenye alama ya kikombe kwenye jalada. Kuna vyumba vya mazoezi mtandaoni vilivyotengenezwa ili vivunjwe. Kuna mashine dhaifu ya kupakua na kuiwasha ndani ya laptopu yako mwenyewe, ukaipiga mpaka uchoke, na hakuna wa kukushtaki. Wenyewe waliovitengeneza wamevitoa hadharani na majina yao wakaandika.

Basi leo, kwa haraka ya chakula cha mchana, akasahau kuiwasha ile mashine ya mazoezi. Akaandika anwani yake kwa kichwa, kama kila siku. Sasa anwani za mashine ni kama namba za nyumba, namba kumi ipo kila mtaa. Nyumbani kwake namba kumi ni mashine ya mazoezi. Hospitalini, namba kumi ni seva, kompyuta kuu yenye siri za wagonjwa wote. Laptopu ilikuwa bado kwenye waifai ya hospitali tangu asubuhi, pale kompyuta ya mezani ilipozima akaomba kutumia yake.

"Haya, anwani nimeelewa," Shemeji alisema, jasho linamtoka. "Na paswedi? Paswedi ulipata wapi?"

Mapokezi akajibu kwa sauti ya chini. "Nilijaribu ile inayokuja na mashine kutoka kiwandani."

Shemeji akatazama kikombe chake.

"Hukuibadilisha, shemeji?"

"Nilikuwa niibadilishe."

"Lini?"

"Usinibadilishie mazungumzo!" Sauti yake ilipanda, akaikumbuka, akaishusha. "Wewe unajua ulichofanya? Hilo ni kosa la jinai. Kazi hii nilikuombea mimi. Nilimwambia Daktari Mkuu huyu ni mdogo wangu, namdhamini. Sasa twende, nikukabidhi mwenyewe kabla hawajatukamata wote wawili!"

Akamshika mkono. Mapokezi hakubisha. Hapo ndipo palipomuuma, kwa sababu kanuni ya kwanza ya kazi anayoipenda anaijua kama jina lake: cha mtu hakiguswi bila ruhusa yake kwa maandishi. Yule mwalimu wa kikohozi huirudia kila somo. Na yeye, mtu wa kuwasahihisha wenzake mtandaoni kwa ukali, ameivunja akiwa amekalia ndoo.

Lakini kabla hajasimama, jicho lake liliangukia pembeni ya kioo.

"Subiri, shemeji."

"Sisubiri kitu."

"Tazama hapa. Walio ndani ya seva sasa hivi ni wawili. Mmoja mimi. Wa pili ni wewe."

"Mimi niko hapa na kikombe changu!"

"Ndiyo maana nakwambia utazame."

Wakatazama wote. Chini kabisa ya orodha, jina moja lilipotea. Mahali pake pakaja herufi zisizosomeka. Kisha la juu yake, kisha la juu ya hilo. Mtu alikuwa anayafunga mafaili, moja baada ya jingine, akipanda polepole kuelekea kwa babu mwenye fimbo.

"Chomoa waya!" Mapokezi aliruka. "Ufunguo wa chumba cha seva unao?"

Shemeji alifunika kwa kiganja rundo la funguo lililoning'inia kiunoni. Alikuwa amebadilika rangi, anatazama mahali fulani ukutani ambapo hapakuwa na kitu.

"Shemeji! Ufunguo!"

"Tusikurupuke. Inawezekana ni kazi niliyoiacha inaendelea yenyewe."

"Kazi gani ya kufunga mafaili ya wagonjwa?"

"Nimesema tusikurupuke!"

Wazo likamwingia Mapokezi, baya. Aliye ndani anatumia jina la Shemeji. Shemeji ana ufunguo na hataki kuutoa. Huyu aliyemuoa dada yake, aliyekula naye meza moja jana, ndiye mwizi?

Hakuuliza. Alichomoa lile rundo la funguo kiunoni mwa Shemeji na kutoka mbio.

Chumba cha seva kilikuwa cha tatu kutoka stoo, zamani palikuwa pa kupigia pasi. Feni ilikuwa inanguruma. Alijaribu ufunguo wa kwanza, haukuingia. Wa pili ukaingia ukakataa kuzunguka. Nyuma yake viatu vya Shemeji vinakuja, na mtu mzima yule akimwita kwa sauti ya kuomba: "Shemeji, nisikilize, usiingie, nisikilize kwanza!"

Wa tatu ukazunguka.

Akaingia, akafikia swichi kubwa ya umeme ukutani, akainua mkono.

"Usizime!" Shemeji alimrukia, akamdaka kifundo cha mkono. "Ukizima umeme katikati ya kufunga, hata yaliyobaki mazima yataharibika. Waya wa mtandao tu. Ule wa bluu!"

Mapokezi alimtazama machoni. Mwizi gani anayeokoa mafaili? Akauvuta ule wa bluu. Shemeji naye akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya kabati na kung'oa diski ndogo nyeusi, akaikumbatia kifuani.

"Nakala ya jana usiku," alisema akihema. "Wangeimaliza na hii, tungekuwa tumekwisha."

Kwenye kioo cha seva, zile herufi za ajabu zilipanda majina mawili zaidi, kisha zikasimama.

Wakakaa sakafuni, migongo ikiegemea kabati. Hapo Mapokezi akaona kilichokuwa juu ya meza ya Shemeji, humo humo chumbani. Dirisha limefunguliwa kwenye kompyuta yake, lenye picha ya fuvu na maandishi makubwa ya kung'aa: KOZI KAMILI YA UPENYAJI, YA WATAALAMU, SASA BURE KABISA. Chini yake, kwa maandishi madogo: Hatua ya kwanza, zima ulinzi wa kompyuta yako.

"Shemeji," alisema polepole. "Hii ulipakua lini?"

"Leo asubuhi."

"Ukazima ulinzi?"

"Iliniambia nizime kwanza."

"Na wewe ukazima?"

"Ilisema ndivyo wanavyofanya wataalamu." Alifunika uso kwa viganja. "Kompyuta yangu ni nzito, video hazichezi. Nikaiweka kwenye seva, kwa sababu seva ina nguvu."

Mapokezi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kozi ile anaijua. Kozi halisi huuzwa, tena kwa bei ya kukatisha tamaa. Mtu ameiiba, akaifungasha na mdudu wa kuharibu kompyuta, akaitupa mtandaoni kama chambo, na samaki aliyenasa ndiye mlinzi wa bwawa.

"Kwa nini hukuniuliza mimi? Ningekupa yote niliyonayo. Viungo vyote, kitabu, kila kitu. Ni bure, shemeji, na hakuna hata kimoja kinachokuomba uzime chochote."

"Nikuulize wewe?" Alicheka kicheko kikavu. "Juzi mezani uliniuliza swali mbele ya dada yako. Likanishinda. Dada yako akasema, mwulize Sindano akufundishe. Mkacheka. Mimi nikacheka pia. Usiku sikulala. Nikasema nitatafuta ya kwangu, kubwa kuliko ya kwako, halafu siku moja nikuulize wewe swali."

Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini hawakusema lolote kuhusu kumwuliza shemeji mdogo mbele ya mke wako. Mapokezi aliona aibu. Alikumbuka alivyolirudia swali lile mara mbili, akijua fika kwamba mwenzake hana jibu.

Simu yake ikalia. Wodi ya juu.

"Mapokezi? Sista hapa. Kompyuta yetu inaniambia hakuna mawasiliano na seva. Imekuwaje?"

Shemeji akamshika bega. Akamwambia kwa midomo tu, bila sauti: *Mtandao umekatika.*

"Mtandao..." Mapokezi alianza.

"Basi nitaendelea kwa karatasi ya daktari. Nina babu hapa mwenye fimbo ya chuma, ameandikiwa vidonge vya kifua. Nataka nimpe sasa hivi."

Asubuhi ile babu aliegemea meza yake akamwambia: andika kwa herufi kubwa, mjukuu wangu, vidonge vyekundu vya kifua vinanivimbisha koo, nami nasahau, nikiulizwa nasema sina tatizo lolote. Akaandika kwa herufi kubwa, ndani ya faili ambalo sasa hakuna wodi inayoweza kulifungua.

"Sista, vidonge ni vyekundu?"

"Ndiyo, viko mkononi mwangu."

"Usimpe! Ana mzio navyo! Sista, tafadhali, usimpe!"

"Mbona nimemwuliza akasema hana shida?"

"Anasahau. Aliniambia mwenyewe kwamba anasahau. Mwite daktari."

Upande wa pili ukasikika mlio wa kikombe kurudishwa kwenye sinia. "Haya. Nimerudisha. Mungu wangu, Mapokezi, nilikuwa nimeshammiminia maji."

Simu ikakatika. Mapokezi akairudisha simu mfukoni.

"Umemwokoa," Shemeji alisema. "Umeona? Mambo yanakwenda. Sasa nisikilize. Nakala ninayo hapa. Jioni nasafisha seva, narudisha kila kitu, kesho asubuhi hakuna anayejua. Wewe hukuingia, mimi sikupakua. Yaliyopita yamepita."

"Na mpaka kesho asubuhi?"

"Tunasema mtandao."

"Shemeji, huyu babu nimemkumbuka kwa sababu aliniita mjukuu. Wengine siwakumbuki! Leo nimeandikisha watu mpaka mkono umekufa ganzi. Nani ana mzio wa nini, nani ana sukari, nani mjamzito, vyote viko ndani ya hiyo mashine. Tukinyamaza, wodini wanagawa dawa gizani."

"Tukisema, mimi sina kazi. Na wewe huna. Pengine tunalala rumande. Dada yako atakula nini? Umemfikiria dada yako?"

Alimfikiria. Dada aliyeacha masomo ili yeye asome. Dada ambaye, akisikia kwamba mumewe na mdogo wake wametoka hospitali wakiwa katikati ya polisi, hatapiga kelele, atakaa tu kwenye kiti cha jikoni na kukunja kitambaa cha meza mara nyingi. Hilo lilimchoma kuliko rumande.

Lakini yule babu naye ana mtu anayemsubiri kwake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Na hapa ni hospitali, shemeji, kitamuumbua mwingine badala yetu. Mimi nakwenda. Nitasema langu, la kwako sitaligusa. Ukitaka, njoo useme mwenyewe."

Akatoka. Hakutazama nyuma. Alifika ngazi, akazipanda, akapita mapokezi kwake ambako watu walimwita kwa hasira, akapita. Mlangoni kwa Daktari Mkuu alisikia kitu nyuma yake, akageuka.

Shemeji. Diski bado ameikumbatia, shati limelowa.

"Kila mtu na lake," Shemeji alisema. "Nimekubali. Tangulia."

Akagonga.

Daktari Mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Hospitali ile aliianza na chumba kimoja, na hakuna mfanyakazi aliyewahi kumdanganya akafika mwisho wa sentensi.

"Shikamoo, Daktari," Mapokezi alisema, na hakungoja aitikiwe. "Tafadhali simamisha dawa wodi zote. Rekodi za wagonjwa hazifunguki. Kila mgonjwa aulizwe upya, na ndugu zake waulizwe pia, kabla hajapewa kitu."

Daktari Mkuu aliweka kalamu chini. Kisha akachukua simu ya mezani, akapiga wodi ya juu, akapiga ya chini, akapiga duka la dawa. Kila mahali alisema maneno yale yale, kwa sauti ile ile isiyopanda. Akarudisha simu mahali pake.

"Hilo limefanyika," alisema. "Ahsante. Sasa lipo la pili."

Mapokezi akavuta pumzi ili aanze kusema lake.

"Ngoja. Nami nimeona kitu." Daktari Mkuu akakigeuza kioo cha kompyuta yake kiwatazame. "Kimekuja hapa muda si mrefu, kabla tu mtandao haujakatika. Nilikuwa nataka kumwita fundi."

Kioo chote kilikuwa cheusi. Katikati, maneno machache meupe.

MAFAILI YENU TUNAYO. NGOJENI TUWAPIGIE. MSHUKURUNI SINDANO, NDIYE ALIYETUFUNGULIA MLANGO.

Sindano! Ndilo jina aliloipa laptopu yake. Walikuwa ndani alipoingia. Walimwona, wakasoma jina la mashine yake, na sasa wanamvisha wizi wao wote. Nani atamwamini? Atasema aliingia kwa bahati mbaya, na paswedi ya kiwandani, dakika zile zile ambazo majambazi walikuwa wanafunga mafaili?

Mtu mmoja tu ndani ya jengo hilo anajua ukweli wote. Na mtu huyo, tangu sentensi ile ilipotokea kwenye kioo, amepata mlango wa kutokea bila kuutafuta. Kozi haikutajwa. Fuvu halikutajwa. Limetajwa jina moja tu, na si lake.

Mapokezi alipiga hatua moja kuelekea mezani.

Daktari Mkuu alivaa miwani. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Nataka jibu moja kutoka kwenu," alisema. "Huyu Sindano ni nani?"

Shemeji aliweka diski juu ya meza. Alifuta kiganja kwenye suruali. Hakumtazama Mapokezi hata kidogo, na hapo Mapokezi alimwona dada yake kwenye kile kiti cha jikoni, anakunja kitambaa.

"Namjua, Daktari," Shemeji alisema. "Jina hilo nilimpa mimi."